Presha Ilishukaje Bwawani?

Walikuwa watu 43, wote wamevuka miaka 50. Presha zao zilikuwa zimeanza kupanda, ila hakuna aliyekuwa ameanzishiwa dawa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Texas mjini Austin, akiwemo Hirofumi Tanaka, waliwagawa makundi mawili, wakalipeleka moja bwawani. Wiki 12 baadaye, kipimo cha juu cha shinikizo la damu cha waogeleaji kilikuwa kimeshuka kwa wastani kutoka 131 hadi 122.

Pointi tisa ni nyingi, kwani zinakaribia kile ambacho kidonge kimoja cha presha huweza kupunguza. Hata hivyo, thamani ya utafiti huu, uliochapishwa mwaka 2012, haimo kwenye tarakimu hizo pekee. Imo katika jinsi ulivyopangwa.

Hakuna aliyetumbukizwa majini na kuambiwa aogelee mpaka achoke. Walianza na dakika 15 hadi 20 kwa siku, mara tatu au nne kwa wiki, kwa kasi ya wastani. Muda uliongezwa kidogo kidogo hadi ukafika dakika 45 hivi, na kasi nayo ikapandishwa. Kwa mtu wa miaka 60 ambaye hajafanya mazoezi kwa muda mrefu, upole huo wa mwanzo ndio unaomwezesha kurudi tena wiki ijayo.

Kundi la pili nalo halikuachwa likae nyumbani. Lilipewa mazoezi mepesi ya kutuliza mwili, na sababu yake ni nzito. Presha ya mtu huweza kushuka kwa kuzoea tu kupimwa, au kwa kujua kwamba kuna anayemfuatilia. Bila kundi la kulinganisha nalo, maji yangeweza kupewa sifa isiyo yao. Watafiti waliwafunga pia washiriki vifaa vinavyopima presha mchana kutwa wakiwa kwenye shughuli zao, na huko nako ikaonekana imeshuka kwa waogeleaji.

Jambo la kushangaza ni kwamba uzito haukupungua. Mafuta mwilini, sukari na kolesteroli vilibaki vilevile. Wangapi wameacha mazoezi baada ya miezi miwili kwa sababu mizani haikusogea? Hapa mizani ilikaa kimya huku mishipa ikibadilika. Uwezo wa mshipa mkubwa wa shingoni kutanuka kila moyo unapopiga uliongezeka kwa asilimia 21. Mshipa mgumu hufanana na bomba la chuma: damu ikisukumwa kwa nguvu, haulegei kuipokea, na presha inaruka juu. Ukilainika, hupokea msukumo huo na kuupunguza makali.

Maji yenyewe yana mchango wake. Mtu akizama hadi shingoni, maji huukandamiza mwili pande zote na kuisukuma damu ya miguuni irudi kifuani. Moyo hujaa zaidi kila mpigo, kwa hiyo hauhitaji kupiga mara nyingi. Ndiyo maana mapigo ya muogeleaji huwa pungufu kwa takribani kumi kwa dakika kuliko ya mkimbiaji anayejituma kwa kiwango kilekile. Anayechukua kipimo cha mapigo alichopewa kwa ajili ya kukimbia na kukilazimisha bwawani hujichosha kupita kiasi bila kujua.

Lakini si kila jaribio lilitoa jibu la Texas. Mwaka 2006, watafiti wa Australia walichapisha matokeo ya wanawake 116 wa miaka 50 hadi 70, waliogawanywa kati ya kutembea na kuogelea kwa miezi sita. Walioogelea waliishia na kipimo cha juu kilichozidi cha wenzao kwa pointi 4.4. Matokeo haya hayastahili kufichwa. Hapa kuogelea kulipimwa dhidi ya kutembea, zoezi ambalo nalo hushusha presha, wakati Texas ilikupima dhidi ya kujipumzisha kwa watu ambao presha yao tayari ilikuwa juu. Maswali mawili tofauti hayawezi kudaiwa jibu moja.

Tahadhari hiyohiyo inahitajika kwa takwimu inayopendwa sana: kwamba waogeleaji walikuwa na hatari ya kufa iliyo pungufu kwa asilimia 53 kuliko wasiofanya mazoezi. Ilitoka kwenye kumbukumbu za wanaume 40,547 waliopimwa katika kliniki ya Cooper, Dallas, na kuchapishwa mwaka 2008. Waogeleaji miongoni mwao walikuwa 562 tu. Tena walijichagulia wenyewe bwawa, na huenda walikuwa na afya au kipato kizuri zaidi tangu mwanzo. Kumbukumbu hizo zinatia moyo, ila hazithibitishi kwamba maji ndiyo yaliyowarefushia maisha.

Mwenye magoti yanayouma ana sababu ya ziada ya kuchagua bwawa, kwa kuwa maji ya kifuani humbebea zaidi ya nusu ya uzito wake. Wepesi huohuo una gharama: mifupa huimarika inapobebeshwa mzigo, na majini mzigo huo hupungua sana. Mwanamke aliyekoma hedhi, ambaye mifupa yake inaanza kupungua uimara, atahitaji kuchanganya siku za bwawani na siku za kutembea kwa kasi au kunyanyua vitu vizito. Na aliye kwenye dawa za presha aendelee nazo mpaka daktari wake aone vipimo vipya na kuamua.