Kipira cha Sikioni

Vipokea sauti vya masikioni vya bei nafuu visipimwe kwa ukubwa wa sauti. Nilipovuka kutoka Nyamisati kwenda Mafia, vyangu vya plastiki ngumu viliruhusu mngurumo wa injini kupenya. Nikaongeza sauti nisikie taarifa ya habari. Usiku masikio yakanivuma, nikawa namwomba mjukuu arudie kila neno.

Sasa natumia vyenye vipira laini. Kipira kikijaza tundu la sikio, kelele hupungua na sauti ndogo yatosha. Shirika la Afya Duniani hushauri tusizidishe desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Vijaribu dukani kabla ya kuwasha redio: kelele za soko zikififia, vimekukaa.

Dosari yake ni moja: barabarani Kibiti hutaisikia pikipiki. Hapo vivue.