Kutoka Herekali hadi Enjili: Ukristo na Umbo la Utenzi

Utangulizi

Mjadala kuhusu athari za Ukristo katika fasihi ya Kiswahili umegawika kambi mbili kwa muda mrefu. Kambi ya kwanza huuhesabu umisionari kuwa neema: ulileta hati za Kirumi, matbaa, kamusi na nathari. Kambi ya pili huuona kuwa uporaji: uliing'oa lugha kutoka katika mizizi yake ya Kiislamu na kuikabidhi dola ya kikoloni. Hata hivyo, kambi zote mbili zimejengwa juu ya msingi mmoja, yaani kwamba Ukristo ulikuwa mtenda na Kiswahili kilikuwa mtendwa. Makala hii inadai kwamba dhana hiyo inashikika kwa upande wa hati, inayumba kwa upande wa msamiati, na inavunjika kwa upande wa umbo la ushairi.

Hati na Msamiati

Johann Ludwig Krapf wa Church Missionary Society alifika Mombasa mwaka 1844, na katika mwaka huohuo akaanza kufasiri Kitabu cha Mwanzo. Alikuta lugha ambayo tayari ilikuwa na maandishi yake kwa hati za Kiarabu. Krapf alizikataa hati hizo kwa sababu za kisarufi na za kiitikadi pia: alihofu kwamba zingeufungulia Uislamu njia ya kuingia bara. Uamuzi huo, ulioimarishwa baadaye na serikali za kikoloni na Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930, ndio uliozaa hasara ambayo haijafidiwa. Mwanafunzi wa shahada ya Kiswahili aghalabu hawezi kuusoma mswada wa utendi katika hati ulimoandikwa. Huutegemea unukuzi wa mtu mwingine, na pamoja nao makosa na mapendeleo ya mnukuzi huyo.

Msamiati ulikuwa na ukaidi zaidi. Wafasiri walipotafuta maneno ya kuutangazia Ukristo, waliyakuta yakiwa yamekwisha kufinyangwa na Uislamu: Torati, Zaburi, Injili, nabii, malaika, roho, sala, toba, rehema, imani. Hata neno "mtume", ambalo lina shina la Kibantu na ambalo Waislamu wa pwani walilitumia kwa Muhammad, lilibebeshwa maana ya wanafunzi kumi na wawili wa Yesu. Majina ya watu yanatoa ushahidi ulio wazi zaidi. Katika Biblia ya Union Version (1952), Ibrahimu, Yusufu, Musa, Daudi na Ayubu wanabaki karibu kama walivyojulikana pwani. Lakini Isa anakuwa Yesu, na Yahya anakuwa Yohana. Kwa kiasi kikubwa, basi, mapatano ya majina yanakoma pale Injili inapoanza, na kwa jina la Yesu hasa mfasiri alikuwa akichora mpaka wa imani kwa kalamu ya msamiati.

Kulikuwa na jaribio la kuuondoa ukaidi huo. Karl Roehl, mmisionari Mjerumani aliyefanya kazi Tanganyika, alitoa Biblia nzima mwaka 1937 akiwa amekusudia kuyapunguza maneno ya asili ya Kiarabu na kuweka ya Kibantu mahali pake. Tafsiri hiyo haikudumu. Union Version iliyofuata iliyarudisha mengi ya maneno aliyoyaepuka. Jaribio la Roehl linaonyesha kwamba neno lililokwisha kuzoewa katika ibada haliondolewi kwa sababu tu ya asili yake.

Umbo la Utenzi

Kwa upande wa ushairi, mwelekeo wa athari unageuka. Mswada wa kale zaidi wa utendi wenye tarehe ni wa Utendi wa Tambuka, wa mwaka 1728, uliotungwa Pate na Bwana Mwengo. Maudhui yake ni vita baina ya Waislamu na Herekali, mfalme Mkristo wa Rumi ya Mashariki, ambaye Mtume anampelekea waraka wa kumtaka asilimu. Mwaka 1963, miaka 235 baadaye, Mathias Mnyampala, Mgogo wa bara na muumini wa Kikatoliki, alichapisha Utenzi wa Enjili Takatifu, kisha Utenzi wa Zaburi mwaka 1965. Bahari iliyotumika kumshutumu mfalme Mkristo ndiyo iliyochaguliwa kumtukuza Kristo: vipande vinne vya mizani minane, vitatu vikifungwa kwa kina kimoja na cha nne kikishika kina cha utenzi mzima.

Huenda ikadaiwa kwamba Mnyampala alifanya usanifu tu, akiitia Injili katika vina bila kuongeza lolote. Hoja hiyo ikikubaliwa, itabidi itumike vilevile kwa Utendi wa Ayubu na Utendi wa Yusufu, ambazo nazo zinasimulia visa ambavyo hadhira yake ilikwisha kuvijua. Hakuna anayezitoa tungo hizo katika fasihi kwa sababu hiyo. Utenzi kwa asili yake ni sanaa ya kukisimulia upya kisa kinachojulikana ili kisikike kwa mahadhi yanayotambulika. Mnyampala aliikubali kanuni hiyo. Kwa kufanya hivyo alikiri kwamba, ili Injili iwe fasihi ya Kiswahili, ilipaswa kupita katika mlango uliojengwa na Waislamu.

Hitimisho

Jambo hili lina uzito katika ufundishaji. Msimamo wa Jan Knappert wa kuyatazama mashairi ya jadi hasa kama zao la Uislamu humfanya Mnyampala aonekane mgeni. Ibrahim Noor Shariff, katika Tungo Zetu (1988), alisisitiza kwamba ushairi huo ni mali ya Waswahili wenyewe. Lakini hoja hiyo nayo haijibu swali la mshairi wa bara aliyeurithi kwa kujifunza. Kinachopendekezwa hapa ni kwamba Tambuka na Enjili zisomwe katika kozi moja, sambamba, na kwamba usomaji wa hati za Kiarabu urejeshwe katika mafunzo ya uzamili. Bila hatua hiyo ya pili, ile ya kwanza itakuwa ulinganishi wa nakala mbili za Kirumi, na mmoja wa mashahidi wawili atakuwa akizungumza kupitia mkalimani.