Machimbo bila wachimbaji: Afrika ya MGM mu miaka ya 1950



Kuna filamu moja ya Hollywood ambayo mtu wa Kolwezi angepaswa kuijua kuliko wengine wote, juu ya jina lake tu: King Solomon's Mines, maana yake Machimbo ya Mfalme Solomon. Ni ya 1950, ya studio MGM, ile ya simba anayenguruma mwanzoni. Jina linasema machimbo. Lakini uiangalie toka mwanzo mpaka mwisho, zaidi kidogo ya dakika 100, hutaona mtu hata mmoja anayechimba. Almasi ziko ndani ya pango, zimeshatoka udongoni, zinangojea tu muzungu afike. Nani alizichimba, kwa jasho gani, filamu haiulizi.

Sisi tunaoishi kati ya Kamoto, Musonoi na Mutanda tunaweza kuuliza. Hoja yangu ni hii: mu miaka ya 1950 MGM ilibadilisha karibu kila kitu mu namna yake ya kutengeneza filamu, na wakati uleule Afrika ilikuwa inabadilika kuliko Hollywood. Lakini Afrika iliyokuwa ndani ya filamu za MGM haikusogea. Na ile picha haikufa pamoja na studio za zamani. Ingali inafanya kazi hapa kwetu.

Tuanze na studio yenyewe. Mu 1948 Mahakama Kuu ya Marekani ilitoa hukumu iliyolazimisha makampuni makubwa ya filamu kuachana na majumba yao ya sinema. Mbele ya pale, studio ilitengeneza filamu na kuionyesha mu nyumba yake yenyewe. Soko lilikuwa hakika. Kisha televisheni ikaingia mu nyumba za watu, na watazamaji wakapungua. Louis B. Mayer, ambaye jina lake ndilo M ya mwisho ya MGM, aliondoka 1951. Dore Schary aliyemrithi akafukuzwa 1956. Jibu la studio lilikuwa kuonyesha yale ambayo kasanduku ka rangi nyeusi na nyeupe hakawezi: rangi, umati wa watu, inchi za mbali. Tena Uingereza baada ya vita ilikuwa inazuia sehemu ya faida za filamu za Kimarekani zisitoke. Pesa zile zilipaswa kutumika kule Uingereza ao mu makoloni yake. Njo vile kamera za Technicolor zilifika Kenya, Uganda na Tanganyika, na zikavuka mpaka Kongo ya Wabelji na Ruanda-Urundi.

Kwa haki, King Solomon's Mines si filamu mbaya. Robert Surtees alipata Oscar juu ya picha zake, na ukiziona unaelewa. Hakuna muziki wa okestra wa kutuambia wakati wa kuogopa ao wa kulia. Unasikia ngoma, sauti za watu, wanyama, upepo. Kwa filamu ya Hollywood ya wakati ule, ule ulikuwa uamuzi wa ujasiri. Michezo ya Watutsi inayoonekana karibu na mwisho imehifadhiwa kwa rangi, na leo ni kumbukumbu ya thamani. Umbopa, mfalme anayerudi kudai kiti chake, anachezwa na mtu anayeitwa Siriaque. Anasimama kwa heshima kubwa kuliko wenzake wote, hata Stewart Granger mwenye bunduki. Lakini angalia majina: Deborah Kerr, Stewart Granger, Richard Carlson, kila mmoja majina mawili. Siriaque ni Siriaque tu. Hata mu orodha ya wachezaji, mtu wetu anafika bila ukoo.

Kuna atakayenijibu: hadithi ni ya karne ya 19, kitabu cha Rider Haggard kilitoka 1885, ulitaka waonyeshe Union Minière? Jibu zuri. Basi tuchukue Mogambo ya 1953, yenye hadithi ya siku zilezile za miaka ya 1950. Mwongozaji ni John Ford, wachezaji ni Clark Gable, Ava Gardner na Grace Kelly. Jina lenyewe linachekesha kila anayesema Kiswahili: neno lile kwetu halipo. La karibu ni mgambo, na mgambo hana mapenzi na mtu.

Mogambo ni hadithi iliyorudiwa. MGM ilikuwa imeshaitengeneza mu 1932 kwa jina Red Dust, na mwanaume alikuwa Clark Gable huyohuyo. Mu Red Dust, Gable anasimamia shamba la mpira kule Indochina. Kuna miti, kuna utomvu, kuna wafanyakazi, kuna mvua inayoharibu kazi. Miaka 21 baadaye hadithi ilipohamishwa Afrika, shamba lilitoweka. Gable sasa anakamata wanyama wa kuuza. Mimi ni mtu wa agronomia, jambo hili lilinigonga kuliko mabusu yote. Kwa waandishi wa MGM, Asia ilikuwa mahali pa kulima, ingawa chini ya bwana. Afrika ilikuwa mahali pa kukamata. Na Kenya waliyoipiga picha ilikuwa Kenya ya Mau Mau: hali ya hatari ilitangazwa Oktoba 1952, na kiini cha ugomvi ule kilikuwa nini? Udongo. Mashamba yaliyochukuliwa. Kamera zilisimama juu ya jambo kubwa kabisa la inchi ile, zikageuka upande wa chui na gorila.

Sasa tufike 1959, mwaka unaosema yote. MGM ilitoa filamu Watusi, ya mwongozaji Kurt Neumann, kuhusu mtoto wa Quatermain anayerudi mu machimbo yaleyale. Sehemu kubwa ya Afrika iliyo ndani yake ni picha zilizobaki za 1950. Studio ilifungua kabati, ikatoa mabaki, ikawaweka wachezaji wapya mbele yake. Mwaka ule ule ilifanya hivyo tena kwa Tarzan, the Ape Man. Sisi wa mashamba tunajua hii hesabu. Ukinunua mbegu ya mahindi chotara, msimu wa kwanza unavuna vizuri. Ukitunza punje zake na kuzipanda tena, mavuno yanashuka na mimea inatoka haifanani. Watusi ni ile mbegu ya kurudia.

Na wakati mabaki yale yanaonyeshwa, inchi zenyewe zilikuwa wapi? Januari 1959 watu wa Léopoldville waliingia barabarani, na mwaka mmoja na nusu baadaye Kongo ikapata uhuru. Novemba 1959 Rwanda iliwaka moto. Ufalme ambao filamu iliuonyesha kama kitu kisichogeuka milele ulikuwa umebakiza muda mfupi. Na huku kwetu? Kolwezi, muji uliozaliwa 1937, ulikuwa umeshajaa kambi za wafanyakazi. Mabwawa ya Nzilo na Nseke yalijengwa juu ya Lualaba mu miaka ileile ya 1950, na umeme ukavuka mpaka kwenda kwa machimbo ya Rhodesia ya Kaskazini. Inchi iliyokuwa inauza umeme kwa jirani, kwenye sinema ilikuwa bado inatembea nyuma ya muzungu na muzigo kichwani.

Tusiseme kwamba haikuwezekana kufanya tofauti. Mu 1959 huohuo Warner Bros ilitoa The Nun's Story ya Fred Zinnemann, pamoja na Audrey Hepburn. Sehemu ya Kongo ilipigwa kweli upande wa Stanleyville, Kisangani ya leo. Ni hadithi ya mtawa wa Kibelji, hatuko katikati yake. Lakini unaona hospitali, unaona Wakongo wakifanya kazi inayohitaji akili. Kumbe kamera iliweza kugeuka kidogo, ikitaka.

Msinielewe vibaya juu ya wazee wetu. Hawakuwa wajinga mbele ya kitambaa cha sinema. Wakati wa Wabelji, filamu za kuonyeshwa Wakongo zilichujwa kwanza na tume ya serikali, kama vile mama anachuja unga, juu ya kuogopa zisilete mawazo. Ngambo ya mpaka, mu kambi za Copperbelt, wafanyakazi walijaa uwanjani kuangalia filamu za cowboy na kumshangilia kila shujaa kwa jina moja, Jeke, hata kama mu filamu alikuwa na jina lingine. Walichukua walichotaka, kingine wakakicheka. Shida haikuwa kwa watazamaji. Shida ni kwa wale waliojifunza Afrika kupitia picha zile na kisha wakapewa madaraka juu yetu.

Mu 1968 MGM ilirudi Kongo kwa Dark of the Sun ya Jack Cardiff: mamluki, garimoshi, waasi, na almasi tena, zimefungwa mu sanduku la chuma. Hapa kuna jambo jipya. Ruffo, sajenti Mkongo anayechezwa na Mmarekani Jim Brown, anapigania inchi yake wakati rafiki yake muzungu anapigania pesa. Ni mara ya kwanza mu filamu hizi nne mtu wetu anakuwa na wazo la siasa. Lakini Kongo ile ilipigwa picha Jamaika! Na tusicheke upesi. Filamu kubwa ya sinema inayobeba jina la muji wetu, La légion saute sur Kolwezi ya Mfaransa Raoul Coutard, ya 1980, kuhusu vita vya 1978, ilipigwa Guyane. Mu 1950 walikuja kuchukua picha zetu. Baadaye hata kuja hawakuja, jina lilitosha.

Sasa, juu ya nini mtu wa mihogo na mahindi apoteze usiku wake kwa filamu za zamani? Juu ya hii. Kazi moja niliyofanya baada ya lisansi ilikuwa kuhesabu mashamba mahali mradi wa machimbo ulitaka kupita. Walinipa ramani. Mahali ambapo mimi niliona mihogo ya mwaka wa pili, na pembeni shamba lililolazwa ili udongo upumzike, ramani iliandika neno moja: savane. Shamba lililolazwa si pori. Lina mwenyewe, lina mwaka wake wa kurudi, na mama anayelilima anaweza kukuonyesha kisiki cha mpaka. Lakini kwa jicho lililozoea ile Afrika ya MGM, majani marefu ni inchi tupu, na chini ya inchi tupu kuna hazina inayongojea. Kitu kikiitwa tupu, hakuna wa kulipwa.

Sisemi mwenye kuchora ile ramani alikuwa ameangalia Mogambo. Nasema wazo ni lilelile: hazina ipo, watu hawapo, na wakiwepo ni wabeba muzigo. Hata leo, habari za kobalti yetu zinapopita kwenye televisheni za ngambo, mara mingi utaona shimo, utaona ba-creuseur kutoka mbali kama siafu, na hutasikia jina la ukoo la hata mmoja. Siriaque hajapata bado jina lake la pili.

Kwa hiyo ushauri wangu wa mwisho kama mukosoaji: King Solomon's Mines iangalieni, kwa ajili ya macho ya Surtees na heshima ya Siriaque. Mogambo, iangalieni siku moja na Red Dust, halafu mutafute shamba limeenda wapi. Watusi, nendeni moja kwa moja kwenye michezo, mengine achaneni nayo. Dark of the Sun ni ya fujo, batoto walale kwanza. Na kila filamu, ya zamani ao ya jana, muiulize mambo matatu: nani analima, nani anachimba, nani ana jina kamili? Kisha muchukue maswali hayo matatu siku mutakapoitwa kusaini ripoti juu ya kijiji cha watu.