Siri na Moto katika Filamu ya Outbreak

Filamu hii ya Wolfgang Petersen, iliyotolewa mwaka 1995, yaanza katika kambi ya askari huko Kongo, mwaka 1967. Ugonjwa umeingia. Madaktari wa jeshi la Marekani wachukua damu, waahidi msaada, kisha waondoka. Walio kambini wautazama mwavuli ukishuka kutoka ndegeni, wakidhani waletewa dawa. Kumbe ni bomu.

Petersen ni fundi wa kutia hofu, na kikohozi kile katika ukumbi wa sinema hakisahauliki upesi. Lakini bomu lilelile likielekezwa Cedar Creek, mji wa California, watu waanza kuhojiana: katiba yatolewa, picha za raia zatupwa mezani, marubani wasihiwa wageuze ndege. Kwa wale wa Kongo hakuna aliyesihi, wala mtazamaji hapewi nafasi ya kuwajua. Jenerali McClintock alaumiwa hasa kwa kuificha dawa ili silaha yake isijulikane. Moto wa kwanza wabaki utangulizi tu. Basi filamu inayolaani siri yenyewe yaifunika maiti yake ya kwanza.

Mwaka huohuo Ebola ilizuka Kikwit, Zaire, ikaua watu wapatao 250 kati ya 315 waliougua. Haikuzimwa kwa bomu, wala kwa dawa iliyofichwa ghalani, bali kwa glavu, barakoa, kutenga wagonjwa, mazishi ya hadhari, na habari zilizotangazwa waziwazi.