Dao Kwanza, au Riwaya Kwanza?

Wapo wanaodai kwamba mwanafunzi asiguse A Wizard of Earthsea (1968), riwaya ya vijana ya Ursula K. Le Guin, kabla ya kufundishwa falsafa ya Dao. Wengine wanasema aachwe asome tu, mengine atayajua mbele ya safari. Mimi nasema afundishwe kwanza, ila nusu tu.

Hapana shaka kwamba Dao imo. Le Guin aliikuta Dao De Jing nyumbani, kitabu cha baba yake, na mwaka 1997 akachapisha toleo lake mwenyewe la sura zote 81. Lakini swali letu ni la msomaji.

Tuanze na lugha. Ukimwambia Mswahili kwamba Ged ni mchawi, umeshamhukumu. Mchawi kwetu ni mtu wa kuroga. Na kile kivuli anachokifungulia kwa majivuno, akishindana na Jasper, msomaji atakiita shetani, kisha atangoja shujaa amshinde kama katika ngano za majini. Sasa mwisho utamkwaza: Ged hakiui kivuli. Anakiita kwa jina lake mwenyewe, wanakuwa kitu kimoja. Asiye na dokezo atasema eti mwandishi kachoka.

Hapa ndipo yin na yang zinapohitajika mapema. Asili ya maneno hayo ni ubavu wa mlima wenye kivuli na ubavu wenye jua. Mlima ni mmoja. Huwezi kufuta upande mmoja ukabaki na mwingine.

Wu wei, yaani kutenda bila kulazimisha mambo, isubiri. Ogion, mwalimu wa Ged kule Gont, ananyeshewa msituni wala haifukuzi mvua, ingawa uwezo anao. Ged anashangaa: uwezo huo una faida gani basi? Msomaji naye ashangae hivyo hivyo! Kosa hili riwaya yenyewe inalirekebisha, pale Ged anaporudi kwa Ogion akiwa hoi na kukubali ushauri wake. Ukilieleza mapema, umemnyima msomaji safari.

Kosa la kivuli ni tofauti. Hilo tunaingia nalo darasani, limo ndani ya maneno yetu, na riwaya ya Kiingereza haiwezi kulijua. Hilo ni la mwalimu, na dakika kumi ubaoni zinamtosha.