Mkate wa senti 25: hesabu ya Margaret Rudkin

Mwaka 1937 Wamarekani walikuwa bado wanataabika na Mdororo Mkuu wa uchumi, na mkate wa dukani uliuzwa takriban senti 10. Katika mji wa Fairfield, jimbo la Connecticut, Margaret Rudkin alimpelekea mwenye duka wa mtaani mikate aliyoioka jikoni kwake, akataja bei yake: senti 25. Mwenye duka akashtuka. Mama huyo hakushusha hata senti moja. Alikata kipande, akapaka siagi, akampa aonje. Mwenye duka akaichukua mikate.

Wanaosimulia chimbuko la Pepperidge Farm, kampuni aliyoianzisha Rudkin, huanza na Mark, mwanawe mdogo aliyesumbuliwa na pumu na mzio, ambaye mama yake aliamua kumwokea mkate wa ngano isiyokobolewa. Ni kweli, mkate ulianzia kwa mtoto. Biashara, kwa maoni yangu, ilianzia kwenye ile bei, na anayetaka kuoka nyumbani kwa ajili ya kuuza aichunguze hiyo kabla ya kuuliza resipe.

Bei ilianza kupanda kwenye unga. Rola za viwandani huondoa pumba na kiini cha punje, ndiyo maana unga mweupe hukaa ghalani muda mrefu bila kuharibika. Jiwe husaga punje nzima. Mafuta ya kiini hubaki ndani na kuleta ladha, lakini mafuta hayo huchacha, kwa hiyo unga wa namna hii husagwa kidogo kidogo na kutumika mapema. Rudkin alitaka unga huo, na vinu vya mawe vilikuwa vimebaki vichache.

Pumba nazo huongeza kazi. Hukatakata nyuzi za gluteni zinazoshikilia hewa, donge likashindwa kuumuka vizuri. Aliyewahi kuoka kwa unga wa atta mtupu anaijua shida hiyo: unataka maji zaidi, ukandwe vya kutosha, kisha usubiriwe. Mkate wa kwanza wa Rudkin ulitoka mgumu kama jiwe, kimo chake inchi moja tu. Alirudia mpaka akapatia, huku akitumia siagi, maziwa halisi, asali na molasi. Jumlisha viungo hivyo na mikono ya wakandaji, utaona kwamba kwa senti 10 angepata hasara katika kila mkate, na wateja wakiongezeka hasara ingeongezeka pamoja nao. Hapa ndipo waokaji wengi wa nyumbani huumia: wanachukua bei ya jirani, kisha wanashangaa kwa nini oda ni nyingi na mfuko mtupu.

Senti 25 zililipwa kwa sababu alianza na watu wenye haja. Daktari wa familia aliomba mikate kwa ajili yake na wagonjwa wake. Baadaye duka moja la vyakula vya hali ya juu mjini New York likaanza kuagiza. Mumewe, Henry, alikuwa dalali wa hisa huko, akaenda kazini kwa treni na mikate mkononi. Gharama ya usafirishaji haikuwapo, maana safari ilikuwapo tayari. Napenda sana kipengele hiki, kwa kuwa hakikuhitaji mtaji wowote.

Nafasi aliipanua oda zikishamzidi: kutoka jikoni hadi gereji, kisha mabanda ya farasi. Desemba 1939 jarida la Reader's Digest lilipoandika habari zake, maombi yalifurika, na mwaka uliofuata akakodi jengo mjini Norwalk. Vita vya Pili vya Dunia vilipoleta uhaba wa viungo, alipunguza idadi ya mikate badala ya kubadilisha kilichomo. Kiwanda alichojijengea mwenyewe kilifunguliwa Norwalk mwaka 1947.