Jina la Chuma, Kazi ya Ilungu

Kwenye kibanda cha fundi saa pale Chanji, mjini Sumbawanga, nilishika saa ya bei nafuu nikaigeuza. Mgongoni yalichongwa maneno matatu ya Kiingereza yanayosema kwamba mgongo huo ni wa chuma kisichoshika kutu. Mgongo tu. Ubavuni, panapogusa mkono, rangi ya fedha ilikuwa imebanduka na metali ya njano inachungulia. Anayenunua chuma yampasa asome hadi herufi ya mwisho.

Saa za kifahari nazo zisomwe hivyo hivyo. Nyingi hutengenezwa kwa chuma cha namba 316L, chenye kromiamu asilimia 16 hadi 18, nikeli 10 hadi 14 na molibdenamu 2 hadi 3. Mwaka 1985 Rolex ilianza kutumia 904L, chenye kromiamu, nikeli na molibdenamu nyingi zaidi pamoja na shaba kidogo. Baadaye ikakipa jina la Oystersteel. Chopard ikafuata na chuma chake, Lucent Steel, mwaka 2019. Ubora wa 904L ni wa kweli: huhimili chumvi na jasho, na hung'aa sana kikisuguliwa. Lakini viwanda vya kemikali vilikuwa vikikitumia dhidi ya tindikali kabla hakijafika kwenye saa. Watengeneza saa walikichagua, wakajifunza kukichonga, kisha wakakipa jina. Dunia ikalishika jina.

Sasa tutazame kilichofanyika hapa kwenye uwanda wa Ufipa. Wahunzi wetu walikuwa na mtambo wao wenyewe: ilungu, au malungu yakiwa mengi. Ni tanuri la udongo wa kichuguu, lenye urefu wa mita tatu hivi, pana chini na jembamba juu. Chini lina matundu kuzunguka kitako. Lilijazwa mkaa na mawe ya chuma kwa tabaka, likawashwa, likaachwa liwake kwa siku kadhaa.

Umahiri uko kwenye urefu ule. Hewa ya moto ni nyepesi, hupanda. Ikipanda huvuta hewa baridi kupitia matundu ya chini. Ilungu lilijivutia upepo lenyewe, hivyo hapakuhitajika watu wa kuvukuta usiku na mchana. Ndani, gesi ya mkaa iliondoa oksijeni kwenye mawe na kuacha chuma. Chuma chenyewe hakikuyeyuka, maana huyeyuka kwenye nyuzi 1,538 za Selsiasi. Kilichoyeyuka ni takataka zake, zikachuruzika chini.

Kilichotoka kilikuwa bonge lenye vinyweleo, bado limechanganyika na takataka. Hapo ndipo ilipoanza hatua ya pili. Bonge lilivunjwa, vipande vizuri vikachaguliwa na kuingizwa katika kintengwe, tanuri dogo linalopulizwa kwa mivukuto. Moto wa kintengwe uliwekwa chini ya mkono wa fundi. Ulisafisha chuma na kukishikanisha. Kisha nyundo ikatoa jembe, shoka na mkuki. Tanuri kubwa lilikuwa la wingi, dogo la usafi. Kwa mawe ya chuma yasiyo na utajiri mkubwa, mgawanyo huo wa kazi ulikuwa jibu sahihi.

Wahunzi hawakutenganisha ufundi na mila. Kikapu cha dawa, ntangala, kilikuwa sehemu ya kazi, na ilungu lilipambwa kama bibi harusi, kwa sababu lilitarajiwa kuzaa. Wakati wa ukoloni majembe ya viwandani yakajaa sokoni na mioto ikazimika. Tuna deni kwa watafiti kama Profesa Bertram Mapunda, aliyeyachunguza malungu na kuyaandikia.

Uamuzi wangu ni huu: wenzetu wamepata fahari kubwa kwa kukipa jina chuma walichokikuta, sisi tuna mtambo uliofanya kazi kwenye uwanda huu, wenye jina lake, na watoto wengi wa Sumbawanga hawajawahi kulisikia. Walimu wa sayansi Rukwa, anzeni somo la hewa moto kwa ilungu. Nawe ukikuta moja limesimama porini kule Nkasi, usibomoe udongo wake. Mwite mtoto, mwonyeshe matundu ya chini, mwambie linaitwaje.